Shingo Mpya ya Udi wa Mzee Mwinchande

"Mkata shingo ya udi amekata na sauti." Mmemsikia bibi yenu akiyasema hayo leo, mkataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Pangani palikuwa na mpiga udi aliyeitwa Mzee Mwinchande. Uzee ulipomzidi, macho yalizima na kumbukumbu ikaanza kumtoka. Aliwasahau majirani, akasahau hata kwamba mkewe amekwisha kufa, akawa anamwita kutwa. Kilichomtuliza ni kimoja tu: mwanawe Hemedi akiuchukua udi wa baba yake na kumpigia. Hapo mzee hutabasamu, akasema, "Hemedi, mwanangu, umekuja."

Hemedi naye alitamani kujiunga na bendi ya dansi ya Tanga. Bendi ilitaka mpiga gitaa, na gitaa hakuwa nalo. Akaupeleka udi kwa Fundi Kibwana, seremala, auondoe shingo ile fupi na kuuchongea nyingine ndefu, ya kubeba nyuzi za chuma kama za gitaa.

Fundi aliupapasa, akasema, "Shingo hii haina ubovu. Imeshikana na tumbo tangu enzi za babu yako. Nikiing'oa itapasuka, wala haitarudi."

"Ing'oe," Hemedi akajibu.

Kazi ikatoka nzuri. Shingo ya mninga ilinyooka na kung'aa, na bendi ikamkubali. Hemedi akarudi nyumbani na furaha yake, akaketi kando ya kitanda cha baba yake, akapiga wimbo uleule wa siku zote. Sauti ikatoka kali, ya chuma. Mzee akageukia ukutani.

"Nani huyo anayepiga?"

"Ni mimi, baba. Hemedi."

"Hemedi hapigi hivyo. Wewe mgeni, ukimwona mwanangu mwambie namngoja."

Hemedi alirudi kwa fundi mbio kuidai shingo ya zamani. Ilikuwa imepasuka. Kibwana akaiunga kwa gundi, lakini nyuzi zilipokazwa ikaachia. Bendi ikaenda zake bila yeye, Hemedi akabaki nyumbani. Akamlisha baba yake na kumwogesha, na mzee akimshukuru kwa adabu, kama mtu amshukuruvyo mpita njia. Alikufa akiuliza kama Hemedi amefika.

Matanga yalipoondolewa, wazee walimsihi Hemedi awapigie japo wimbo mmoja wa marehemu. Hakuunyanyua udi. Aliwaambia tu, "Mkata shingo ya udi amekata na sauti."