Muhanga na Udongo wa Mahudhurio

Ukame ulioingia mwaka huo ulikuwa wa kumtoa nyoka jasho. Mto ulibaki mchanga, nyasi zikawa vumbi, na ardhi ikakakamaa hata mchwa wakajifungia ndani wasitoke. Katika nchi hiyo alikaa Muhanga, fundi wa mashimo, ambaye maisha yake yote aliwachimbia wenzake nyumba. Sasa hakuna aliyetaka nyumba mpya, kwa kuwa kila mtu alikuwa anafikiria kuhama. Muhanga akawa hana kazi, na nyumbani ana mke na binti mchanga, wote wawili wamekonda wamebaki masikio.

Asubuhi moja zikamjia kazi mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ililetwa na Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi na subira kidogo.

"Shemeji Muhanga, wanangu wana kiu," alisema. "Nichimbie kisima pale mtoni. Utafanya nusu siku tu, maana jua likipanda hakuna awezaye. Mchwa wote utakaowakuta huko chini ni wako."

"Watatosha?"

"Hawatatosha. Utashiba nusu, sikudanganyi."

Ya pili ililetwa na Fisi. Wakati huo Fisi alikuwa Afisa Ajira wa serikali ya Simba. Cheo hicho alikipata kwa usaili wa haki kabisa, ila wenzake wote waliitwa siku iliyofuata. Shingoni alining'iniza mkoba mkubwa wa ofisi ambao hakuuvua hata akilala, na kila alipopiga hatua ulilia kong'o, kong'o.

"Mna nini humo, Bwana Afisa?" Muhanga aliuliza.

"Mafaili. Serikali nzima imo humu. Sasa sikiliza, ndugu mwananchi usiye na kazi. Mheshimiwa Simba ameanzisha Mpango wa Mafunzo Kazini. Miezi sita unajifunza, halafu ajira ya kudumu na kigoda chako mwenyewe. Na kila siku kuna posho, pande zima la nyama."

"Mimi nakula mchwa."

"Linabadilishwa! Nyama inaingia ofisini, wanatoka mchwa. Kuna utaratibu wake."

"Basi asubuhi nitamchimbia Mama Kanga, mchana nije kwenu."

Fisi aliruka kama aliyetukaniwa mama. "Kibarua? Ukionekana na kibarua, hata cha nusu siku, unafutwa kwenye orodha ya wasio na kazi. Kazi utakuwa huna, na ukosefu wa kazi pia utakuwa huna. Sasa utakuwa nani wewe?"

Swali hilo lilimtia Muhanga baridi. Alimpelekea mkewe, naye akasema, "Kisima nitakiona. Hicho kigoda kiko wapi?" Lakini Muhanga alikuwa amechoka kuwa mtu wa leo kazi, kesho hakuna. Alikitamani kigoda, alijiona amekikalia, watu wanampigia hodi. Akaenda kwa Fisi.

Kazi zikagawiwa. Muhanga, ambaye haoni mbali na pua yake imeelekea chini tangu azaliwe, alipangwa Idara ya Kutazama Mawingu. Twiga alipewa kufagia uvungu wa kitanda cha Simba. Kobe aliwekwa Kitengo cha Dharura, apeleke barua za haraka. Sungura, ambaye hakuna aliyewahi kuiona kazi yake, alijiombea Idara ya Ushauri, akapewa, akalala humo macho wazi.

Kulikuwa na sharti moja. Kila asubuhi Fisi alilowesha udongo wa mfinyanzi mbele ya ofisi, kwa maji ya mwisho yaliyobaki nchini, na kila mwanafunzi akaukanyaga kuonyesha kwamba amefika. Jioni Simba alipita, akasoma alama, akatoa pande moja la nyama kwa kila aliyekanyaga. Nyama yote alikabidhiwa Fisi akagawe.

Siku ya tatu Muhanga aliulizia posho yake.

"Inabadilishwa," alisema Fisi, akijilamba. "Imeshafika kuku."

Siku ya tano akauliza tena.

"Imefika panzi! Kutoka panzi hadi mchwa ni hatua moja tu. Usiwe na haraka, utaivuruga."

Mawingu hayakuwapo, kwa hiyo Muhanga alikuwa na nafasi ya kutosha ya kutazama mambo mengine. Aliona tumbo la Fisi likivimba hadi likaanza kuburuzika. Jioni alirudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya saba alikuta binti yake amenyamaza. Siku zote alikuwa analia njaa, na leo kimya, anamtazama tu baba yake. Muhanga aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alikaa chini akaona aibu kwa ajili ya kile kigoda.

Kulipopambazuka alikuwa mtoni kwa Mama Kanga, anachimba. Mchanga uliruka, mchwa wakatokea, akala wachache, waliobaki akawapeleka nyumbani mbio. Binti alilamba, akalamba, kisha akaanza kulia akitaka zaidi. Kilio kile kilimfurahisha Muhanga hadi akacheka peke yake njiani.

Tangu hapo alikuwa akichimba asubuhi na kuja kuukanyaga udongo mchana, wenzake wakiwa wamekwisha kutawanyika. Ndipo, kwa mara ya kwanza, alipata nafasi ya kuusoma. Mtu aliyeishi na pua ardhini huzijua nyayo kama wengine wanavyozijua sura. Alisoma mstari wa kwanza, akarudia. Akanusa. Akajikuna sikio. Lakini alikuwa mwoga wa wakubwa, akarudi kwenye mawingu yake.

Siku ya kumi Simba alikuja kukagua, nywele zimechanwa, kifua mbele. Wanafunzi wote walipangwa mstari. Akautazama udongo uliojaa alama, akatabasamu.

"Watumishi wangu walivyo wengi! Pundamilia yuko wapi? Hajakosa hata siku moja, juzi nimempandisha cheo."

"Yuko mikoani, Mheshimiwa," Fisi alijibu haraka. "Pundamilia, Nyati, Pofu, wote wako mikoani. Lakini yupo msaliti hapa hapa!" Akamnyooshea Muhanga kidole. "Tazama makucha yake, yana mchanga wa mtoni. Ana kibarua! Afutwe, na familia yake ifukuzwe nchini!"

Simba alinguruma. "Serikali yangu inakupa mawingu uyatazame, nawe unakwenda kwa Kanga?"

Muhanga aliyatazama makucha yake. Akamkumbuka mtoto aliyenyamaza, na hofu ikampungua.

"Ni kweli, Mheshimiwa, nimechimba. Mtoto alikuwa anakufa, na posho yangu bado ni panzi. Lakini mimi nikija nakuja na miguu yote minne, na udongo unaonyesha. Huyu Pundamilia wako kila siku anakuja na mguu mmoja. Wa mbele, wa kulia. Na Nyati hivyo hivyo. Miguu mingine mitatu wanaiacha wapi?"

Simba aliinama akatazama. Fisi akatoa jasho.

"Ni walemavu, Mheshimiwa! Serikali yako haibagui."

"Safi sana," alisema Simba, akavimba kwa fahari.

Hapo Sungura akaamka, au alionekana kuamka. "Mheshimiwa, Idara ya Ushauri ina ombi dogo. Bwana Afisa atuonyeshe wanavyotembea, tuwatengenezee barabara."

"Onyesha!" aliamuru Simba.

Fisi angefanya lolote ili aaminiwe. Akakunja miguu mitatu, akajirusha kwa ule mmoja wa mbele: hopa! Tumbo likamvuta chini, akapinduka, mkoba ukapasuka, na serikali nzima ikamwagika vumbini. Zilikuwa kwato kavu tupu, kila moja ya mguu wa mbele wa kulia. Nyingine zote alishazitafuna. Hizo alikuwa amejinyima kwa ajili ya kazi.

Simba aliuokota ukwato mmoja wenye ufa, akaugeuza geuza.

"Huyu namjua," alisema polepole. "Huyu nilimla mimi mwenyewe. Mabaki nikakuachia wewe." Akautupa chini kwa hasira. "Nimempandisha cheo chakula cha jana!"

Hukumu ilitoka papo hapo. Fisi alivuliwa uafisa, akaingizwa kwenye Mafunzo Kazini, Idara ya Kutazama Mawingu. Muhanga akatangaziwa ajira ya kudumu.

"Inaanza lini, Mheshimiwa?"

"Ikishakamilika taratibu."

"Ahsante," alisema Muhanga, akageuka, akaenda mtoni. Maji yalitoka siku ya pili. Vifaranga walikunywa, majirani wakasikia, na kabla ya wiki kwisha fundi alikuwa na visima vitatu vya kuchimba, vyote vya nusu siku. Binti yake akaota mashavu.

Fisi naye, baada ya siku tatu za kutazama anga tupu, aliandika barua ya haraka kuulizia posho yake, akaikabidhi kwa Kitengo cha Dharura. Mvua zimenyesha, nyasi zimeota, zimekauka tena. Kobe yuko njiani.

Na kila anayekwenda kwa Muhanga kuomba ushauri wa kazi huambiwa hili moja: kabla hujaukanyaga udongo wa mtu, muulize ni nani aliyewahi kushiba hapo.