Raba ya Pampu ya Chini

"Kujaza si kuziba." Mmemsikia mwenyekiti leo akiwajibu hivyo wale waliotaka kumwaga tena kifusi pale mto unapokula barabara, nanyi mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yalianzia huku huku milimani kwetu, na mtu aliyeyalipia nilimfahamu.

Yohabu Tweve alikuwa dereva wa pikapu ya chama cha wakulima wa viazi. Gari lilikuwa kuukuu, lakini masika yakishika, hakuna jingine lililoweza kupanda hadi kwetu. Lilishusha viazi mnadani, likashusha na wagonjwa. Yohabu alilipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa.

Mwaka mmoja pedeli ya klachi ikaanza kulegea. Akikanyaga, inazama hadi chini bila kufanya kazi, na gia zinakataa kuingia huku zikisaga meno. Akagundua kwamba akiikanyaga harakaharaka mara kadhaa, klachi inaamka na gia inaingia. Abiria wakacheka, wakasema dereva wetu anacheza ngoma kwa mguu mmoja.

Akalipeleka kwa fundi Fidelisi Mahenge, rafiki yake tangu utotoni. Fidelisi alifunua boneti, akakuta kikopo cha mafuta ya klachi kiko karibu kukauka. Akainua zulia chini ya pedeli, akapapasa pampu ya juu: kavu. Akaingia uvunguni, akavuta kifuniko cha pampu ya chini, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi. Mafuta yakamchuruzikia mkononi.

"Raba ya ndani imekufa," alisema akitoka. "Mafuta yanatoka hapa, na upepo unaingilia hapa hapa. Liache gari. Nitaagiza raba mjini, nibadilishe, kisha tutoe upepo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka basi la mjini lipite kule barabara kuu. Na kwa mvua hii, sijui."

"Fide, viazi vinaoza kwenye magunia. Watu watanila nyama. Niongezee mafuta tu, niende."

"Kuongeza naweza. Lakini kujaza si kuziba, kaka."

"Jaza."

Fidelisi akajaza. Pedeli ikapata nguvu kidogo, na Yohabu akaondoka akipiga honi. Tangu siku hiyo akawa anatembea na chupa ya mafuta chini ya kiti. Kila asubuhi anajaza, anapampu, anaondoka. Raba hakuiulizia tena. Basi lilipita na kurudi, naye alikuwa njiani na viazi.

Siku ya mnada alipakia gari likajaa. Mkewe Sabina aliketi mbele pembeni yake, akienda kumwona mama yake mgonjwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kwenye kile kilima kikali cha udongo mwekundu gari lilianza kuishiwa nguvu, na Yohabu akaitoa gia ya tatu ili aweke ya pili. Akakanyaga klachi. Pedeli ikazama. Gia ikasaga, ikakataa. Akapampu, akapampu tena, lakini gari halikuwa na gia yoyote na lilikwisha kusimama.

Kisha likaanza kurudi nyuma. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akavuta na ya mkono. Magurudumu yalishika, ila tope halikushika.

"Sabina, ruka!"

"Mlango, Yohabu! Mlango haufunguki!"

Lilipinduka ukingoni, likaviringika hadi kwenye mkondo wa maji. Yohabu alirushwa nje akavunjika bega. Sabina tulimtoa baadaye, amekwisha kufa, wanaume wakiwa wameshikana mikono kwenye utelezi.

Baada ya msiba gari lilivutwa kwa kamba hadi kwa Fidelisi. Yohabu akaja, mkono umefungwa shingoni.

"Fungua nione."

Fidelisi akafungua pampu ya chini, akatoa kiraba kidogo kama kifungo cha koti, kimelika upande mmoja. Akamwekea kiganjani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Weka mpya."

Fidelisi akaweka. Yohabu akapanda kwenye kiti kile kile, akikanyaga na kuachia kama alivyoambiwa kutoka uvunguni, mpaka mafuta yaliyotoka yakakoma kutoa mapovu. Kisha pedeli ikakazika. Ikawa ngumu, imara, kama ya gari jipya. Hapo ndipo Yohabu alipolaza kichwa kwenye usukani akalia, akalia hadi Fidelisi akatoka uvunguni na kwenda kusimama nje. Hakuendesha tena gari lolote maishani mwake.

Wazee walimfuata nyumbani kumfariji. Wakamwambia, "Baba, ajali haina kinga. Ni kazi ya Mungu."

Yohabu akatikisa kichwa. "Msimsingizie Mungu. Nilionyeshwa panapovuja kwa kidole, nikachukua chupa. Kujaza si kuziba."