Filamu Isiyosimamishwa

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni ile ya juzi tu ya vibanda vya video, palikuwa na Daktari Mwaipaja, aliyewafundisha wanafunzi wa udaktari afya ya jamii kwa filamu za sinema. Wenzake walimcheka. Yeye aliweka filamu, na penye kosa akaisimamisha. "Hapa wamekosea nini?" Wanafunzi wakajibu. Akaiendesha, akaisimamisha tena.

Filamu moja ya kigeni ilihusu kipindupindu. Askari waliwakokota wagonjwa hadi kambini, na aliyeingia hakutoka. Hapo Mwaipaja aliisimamisha mara saba.

Mwanafunzi aliyeipenda filamu hiyo kuliko wote ni Tumpe. Alipopelekwa mafunzo ya vitendo kijiji kimoja cha ziwani, kipindupindu kikaingia kweli. Hema la matibabu likasimikwa uwanja wa shule, lakini watu hawakuja. Tumpe akawaza, nitawafundisha kama mwalimu wangu.

Akaichukua filamu ile, akaenda kwa Ambokile, mwenye kibanda cha video, aliyezitafsiri filamu kwa kipaza sauti huku zikiendelea. Kibanda kikajaa pomoni. Askari walipotokea, Ambokile, aliyejua watu wake wanapenda nini, akatia chumvi: "Mnaiona kambi ile? Ukiingia, ndio basi tena. Hata maiti hawarudishi."

Watu wakatulia tuli. Tumpe akainuka aisimamishe. Wakapiga miluzi. "Kaa chini dada, unatuzibia." Akaona haya, akakaa. Filamu ikaenda hadi mwisho.

Kesho yake asubuhi Lusajo, mtoto wa miaka minne, akaanza kuhara. Mama yake, Bi Sekela, aliyekuwa kibandani jana yake, akafunga mlango. Tumpe alipopita akibisha hodi nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa, mama akamziba mwanawe mdomo, akajibu kutoka ndani, "Hapa sote wazima, mwanangu." Tumpe akaamini, akapita. Alasiri mtoto akafa. Hema lilikuwa hatua mia kutoka mlango ule.

Tumpe hakula siku mbili. Siku ya kumaliza matanga alikwenda akapiga magoti. "Mama, ni mimi. Filamu niliileta mimi, na miluzi tu ikanikalisha."

"Usimsikilize, mama," alisema Ambokile. "Picha haikumtisha mtu. Iliyowatisha ni sauti yangu."

Mwaipaja naye alikuwa amesafiri kutwa nzima kuja kuhani msiba. "Shikamoo mama. Huyu ni mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kuipenda filamu, sikumfundisha kwamba somo lilikuwa pale ninapoisimamisha."

Bi Sekela aliwatazama wote watatu. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimuumiza Tumpe kuliko kilio.

"Wanangu, mimi ndiye niliyemziba mdomo. Mkono huu hapa. Usiku silali kwa ajili yake. Nilitaka aje mmoja aniambie ni yeye, nimsamehe, labda na mimi nitajisamehe. Sasa mmekuja watatu, kila mmoja anamvua mwenziwe lawama. Nimshike nani?"

Akaunyosha mkono ule mbele yao.

Basi nyinyi mliokaa hapa kunisikiliza, msinitazame mimi. Mama yule anangoja mtu mmoja tu. Je, mngemsogeza nani mbele yake: mwalimu, mwanafunzi au mwenye kipaza sauti? Au mngemwachia mama lawama ya mkono wake?