Nyayo Nzito za Siku ya Kura

Hapo zamani za kale, kabla kura haijawa karatasi, wanyama walimchagua rais wao kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu! Mnacheka nini? Tulieni niwaambie, na wewe uliyeutawala mkeka peke yako, mpishe mwenzako.

Katika Bonde la Ngoweko kulikuwa na uwanja wa udongo wa mfinyanzi, mwekundu, laini kama uji wa mtoto. Kila miaka mitano wagombea walisimama kando ya uwanja, kila mmoja na upande wake, na kila mnyama mzima akaenda kukanyaga upande wa amtakaye. Pwa! Unyayo mmoja tu. Kisha Bi Kobe, msimamizi wa kura, alingoja jua lifike utosini, ndipo akapita akihesabu. Unyayo ulioonekana ulihesabiwa. Uliofutika haukuhesabiwa, hata mwenyewe alie machozi ya damu. Udongo ulipokauka, nyayo zilibaki pale miaka na miaka, na kura iliyofuata ilikanyagwa kando yake, penye udongo mbichi.

Ndiyo maana Bi Pimbi aliupenda sana uwanja ule. Pimbi mnamjua? Yule mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia, mwenye macho yasiyotulia. Alipokuwa mtoto, mama yake alimbeba mgongoni siku ya kura. Siku hizo, jamani! Ngoma tangu alfajiri, togwa kwenye vibuyu, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Mama akakanyaga, unyayo wake ukabaki. Na mama alipofariki, Bi Pimbi alikuwa akienda pale, anaweka mguu wake kando ya ule wa mama kupima kama ameshakua.

"Bado, mama," alikuwa akisema. "Bado kidogo tu."

Basi mwaka huo rais alikuwa Kiboko, na wanyama walikuwa wamemchoka. Miaka mitatu mfululizo Mzee Muhanga, mchimba mashimo yule mwenye masikio marefu, alimwambia, "Mheshimiwa, tuta la mto limelegea. Tulipandishe."

Na Kiboko alimjibu, "Maji ni ndugu zangu. Hayawezi kunivunjia heshima."

Muhanga akaona isiwe tabu, akagombea urais yeye. Kila mtu alijua atashinda.

Siku kumi kabla ya kura, mvua ikaanza. Ikanyesha, ikanyesha, haikujua kupumzika. Siku ya tatu tuta likapasuka, puuu! Maji yakaingia bondeni, yakabeba mashamba, yakabeba vibanda, yakabeba na vyungu vikiwa jikoni. Muhanga na wanawe wakachimba mifereji mpaka kucha zikatoka damu, maji yakapata njia. Wanyama wakakimbilia majabalini kwa Bi Pimbi, watoto shingoni. Hakufa hata mmoja. Lakini shambani hakikubaki hata kikonyo.

Maji yalipopungua, Bi Pimbi alishuka mbio hadi uwanjani. Tope tupu! Nyayo zote za zamani zimefutika. Akatafuta unyayo wa mama yake huku na huku, akapapasa kwa mikono, wapi! Akakaa kwenye tope akalia kwa sauti, na wala hakuona haya.

Sasa, juu ya kilima kulikuwa na ghala. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka kapu lake pale kwa ajili ya siku mbaya, na rais alikabidhiwa ufunguo tu. Ufunguo tu, mmenisikia? Lakini miaka ilikuwa imepita, na njaa husahaulisha mengi. Kiboko akapanda kilimani, akajisimamisha mlangoni.

"Poleni, wananchi wangu!" akanguruma. "Msihofu, chakula changu kipo. Mtama wangu upo, kunde zangu zipo. Ila kura kwanza, shibe baadaye! Atakayekanyaga upande wangu, atakula. Atakayekanyaga upande wa Muhanga, akale naye mchwa!"

"Mheshimiwa oyee!" akapaza Ngiri, msemaji wake, aliyekuwa amenona vizuri tu.

"Oyee," wakajibu wanyama, kwa sauti za njaa.

Waliporudi majabalini, Mama Swala alimwambia Bi Pimbi, "Shoga yangu, mimi nitamkanyagia Kiboko. Utanilaumu? Leo siku ya nne wanangu hawajatia kitu kinywani."

"Sikulaumu, dada," alisema Bi Pimbi. Naye alikuwa akimtazama binti yake, Kipimbi, akilamba jiwe lenye ukungu. Moyo ukamuuma. Akimkanyagia Kiboko, mtoto atakula, na lile tuta litakaa vile vile mpaka mafuriko mengine. Akimkanyagia Muhanga, mtoto atakufa njaa. Hakuna mama anayepaswa kuchagua hivyo, nawaambia!

Asubuhi akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Mheshimiwa!"

"Nani huyo? Sauti naisikia, mwenye sauti simwoni."

"Tazama chini, Mheshimiwa."

Ngiri akacheka, khe khe khe! Bi Pimbi akamwacha acheke.

"Mheshimiwa, nimekuja kukupa pole. Utashindwa."

"Mimi? Wote wameniahidi!"

"Wameahidi kwa mdomo. Kura ni mguu. Twende uwanjani ukaone mwenyewe."

Wakaenda. Bi Pimbi akakanyaga, chubwi! Maji yakajaa, tope likajifunika.

"Unyayo wangu uko wapi, Mheshimiwa?"

Kiboko akainama. "Mbona sioni kitu?"

"Ndiyo njaa hiyo! Udongo umelowa, unataka mguu mzito. Na Swala je, mbavu nje kama chaga za kitanda? Watakukanyagia wote, wallahi, lakini jua likifika utosini Bi Kobe atakuta maji matupu. Na Bi Kobe unamjua."

"Yule bibi! Hata mama yake mzazi hamwongezei unyayo."

"Haya, sasa watazame wale."

Ng'ambo ya uwanja walikuwa wana wa Muhanga. Mvua zikiisha kumbikumbi huruka, mchwa hutambaa kila mahali, na kwa muhanga hiyo ni sikukuu. Matumbo yao yalikuwa ndi! Kila wakipiga hatua tope linaitika, pwa! pwa!

"Hao ndio watakaohesabiwa," akanong'ona Bi Pimbi.

Kiboko akajikuna shingo. Akaanza kutoka jasho. "Kwa hiyo nifanyeje?"

"Mimi nani nikufundishe kazi? Nasema tu, aliyeshiba ana mguu mzito."

"Tuwape nusu kibaba, Mheshimiwa," akadakia Ngiri.

"Nusu shibe, nusu unyayo," alisema Bi Pimbi, akageuka kama anayeondoka. "Shauri yenu."

"We Ngiri, unataka nishindwe?" Kiboko akafoka. "Fungua ghala! Nataka ushindi wa kishindo! Wale mpaka wabeue!"

Mlango ukafunguliwa, kriii! Wanyama wakaingia wakisukumana. Halafu ghafla msukumano ukakoma. Mama Swala alikuwa ameshika kapu, analigeuza geuza.

"Jamani, hili si kapu langu? Tazameni huu ukindu mweusi! Nililisuka mwenyewe nikiwa na mimba ya huyu!"

"Na hili la kwetu!" akasema Kanga.

"Alaa! Hili la marehemu baba!"

Ghala zima likawa vilio na vicheko. Bi Pimbi akapekua mpaka chini kabisa, na huko akakuta kapu dogo ambalo ukili wake umepinda kushoto. Mama yake alikuwa akisuka kwa mkono wa kushoto, na makapu yake yote yalipinda hivyo hivyo. Unyayo maji yaliufuta, lakini mkono wa mama ulikuwa hapa, umejaa mtama. Akaingiza uso ndani, akanusa. Lilinukia jiko la nyumbani. Akalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kitamu.

Wakala siku tatu. Watoto wakaanza tena kupigana na kukimbizana, ndipo ukajua wamepona.

Siku ya kura ikafika. Hapakuwa na ngoma wala togwa kama zamani. Kiboko alisimama upande wake akitabasamu, Muhanga upande wake akitazama kucha zake zilizovunjika. Ngiri alikaa katikati, anakodoa macho aone nani anakanyaga wapi. Bi Pimbi akashikwa na wasiwasi. Je, wakimwonea Kiboko aibu kwa sababu amewafungulia mlango?

Mama Swala alikuwa wa kwanza. Akasimama katikati ya uwanja. Akamtazama Kiboko, akawatazama wanawe.

"Ahsante kwa kufungua mlango, Mheshimiwa," alisema. "Ila kapu lilikuwa langu."

Akaenda kwa Muhanga. Pwa!

Akafuata Kanga. Pwa! Akafuata Punda Milia, pwa! Akafuata Bi Pimbi, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Pwa, pwa, pwa, mpaka upande wa Muhanga hapakuwa na pa kuweka hata kidole.

Jua likafika utosini. Bi Kobe akapita taratibu, taratibu, mpaka wenye haraka wakauma kucha. Upande wa Kiboko alihesabu nyayo mbili: wa Kiboko mwenyewe, na wa Ngiri.

"Pimbi!" Kiboko akanguruma, bonde likatetemeka. "Umenidanganya!"

"Nimekudanganya wapi? Nilisema aliyeshiba ana mguu mzito. Si nyayo hizo hapo, Mheshimiwa? Zimezama mpaka kifundoni!"

Bonde zima likaangua kicheko. Kiboko akajitupa mtoni, chubwii! Mpaka leo mchana hujificha majini, macho tu ndiyo nje.

"We!" Bi Kobe akamwita. "Ufunguo uache hapa."

Muhanga akaupokea, akautundika mlangoni pa ghala, mahali ambapo kila mtu anaufikia. Kisha akachukua jembe. Tuta lilikuwa linamngoja.

Udongo ulipokauka, Bi Pimbi alishuka na Kipimbi mpaka uwanjani. Akamwonyesha unyayo wake, mpya, umezama vizuri. Kipimbi akaweka mguu wake mdogo kando yake, akainua uso.

"Nimeshakua, mama?"

Bi Pimbi akainama, akaipima miguu yote miwili kwa kidole.

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado kidogo tu."

Nami nilipoipokea hadithi hii ndipo nilipoiachia, ila shikeni neno hili: mshika ufunguo si mwenye ghala.