Farasi Aliyetoka Katikati

Mtu mmoja aliacha wana wawili na mashamba mawili, akafa bila kusema lipi ni la nani. Shamba moja lilikuwa bondeni, penye chemchemi isiyokauka. La pili lilikuwa kilimani, mawe matupu. Masalu, mkubwa, alilishika bonde na kuiziba kwa miba njia ya kwendea majini. Ngassa, mdogo wake, akaacha kumwamkia. Miaka sita walipishana njiani kama watu wasiojuana.

Hatimaye mjomba wao, Shigela, akawaita. Mahakamani hawakutaka kwenda, na kwa maneno hawakuelewana. Basi wakakubali kucheza sataranji, mchezo ambao baba yao aliwafundisha wote wawili. Atakayeshinda achague shamba, naye atakayeshindwa apokee litakalobaki. Ukoo mzima ukaja kushuhudia.

Masalu alicheza kama mtu avunaye shamba la jirani. Kila kete aliyoweza kuila aliila, akaipanga kando ya ubao ili watu waione. Ngassa hakuwa na haraka. Alisogeza askari hatua moja, akangoja zamu yake. Lakini katikati ya ubao alisimama farasi wa Masalu, na huyo ndiye aliyeziba njia zote za kumfikia mfalme wake. Ngassa alimzunguka muda mrefu asipate pa kupenya.

Ndipo akaiacha wazi ngome yake ya pembeni. Masalu aliiona. Alijua, kama ajuavyo kila mchezaji, kwamba ngome ina thamani kubwa kuliko farasi. Alijua pia kwamba farasi akiondoka, mlango wa mfalme utabaki bila bawabu. Mkono wake ukamgusa farasi, ukarudi. Akazitazama kete alizokwisha kula, akaona moja zaidi haitamdhuru. Farasi akaruka, akaila ngome. Ngassa akamla farasi hukohuko pembeni, na waliokuwa upande wa Masalu wakapiga makofi, maana kwa hesabu mtu wao alikuwa amepata faida.

Makofi hayakudumu. Malkia wa Ngassa aliingia palepale farasi alipokuwa amesimama. Masalu akatafuta wa kumzuia. Kete alikuwa nazo nyingi kuliko mwenzake, lakini zilikuwa mbali, na zilizokuwa karibu zilibanana zenyewe kwa zenyewe. Alimsogeza mfalme mara moja, akamsogeza mara ya pili. Mara ya tatu hapakuwa na pa kwenda.

Mjomba Shigela akamwambia Ngassa achague. Masalu aliinamisha kichwa. Aliwaza kile kilima, akawaona watoto wake wamesimama na ndoo tupu mbele ya miba aliyoitia kwa mkono wake mwenyewe.

"Chukua bonde, kaka," Ngassa alisema. "Mimi maji nitakuja kuchota kwako."

Watu walitazamana. Chakula kikaletwa, ndugu wakanawa, Masalu naye akanawa pamoja nao, lakini hakuweza kumeza hata tonge moja.

Ninyi mnaonisikiliza, Masalu alipewa shamba lote alilolipigania miaka sita. Ni nini basi kilichomkaba kooni?