Mtamba wa Lambo la Kisanjuni

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya fisi kuoa, kijiji cha Kisanjuni kilipigwa na mafuriko kila masika. Maji yalishuka korongoni kwa fujo, yakabeba mahindi, yakabeba kuku, na mwaka mmoja yakambeba ng'ombe wa pekee wa Bi Namsifu. Masikini mama wa watu, akabaki na wajukuu watano na chai ya rangi.

Watu wakasema basi, imetosha. Wakaitana msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo asiyefika hutozwa chungu cha pombe, wajenge lambo la udongo la kuyazuia maji. Mwenyekiti, Bwana Mrutu, akaahidi: "Atakayeliokoa lambo hili masika yakija, nitampa mtamba wangu mwekundu, na ana mimba."

Heh! Majembe yalipata kazi.

Wiki hiyo Bi Namsifu alikuwa anamwoza binti yake, na ua wake ni mdogo. Akahamishia ngoma juu ya tuta la lambo. Udongo ukimwagwa, akina mama wanaucheza. Ukimwagwa mwingine, wanaucheza tena, mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Bibi harusi aliolewa akiwa na vumbi kwenye kope.

Mzee Kangero hakucheza. Alikuwa pembeni, peke yake, anachimba mfereji wa kupunguzia maji lambo likijaa. Wakamcheka: "Sisi tunaziba, wewe unatoboa!" Mzee akazidi kuchimba. Lakini aliyeufuata mfereji ule kwa macho aliona unaishia kwenye migomba ya nani. Yake.

Na Senkondo? Huyo alifika ili asitozwe pombe. Alichomeka mti ubavuni mwa tuta, akatundika koti, akalala kivulini. Jioni akaung'oa mti wake, akaenda zake.

Masika yakaja. Mvua ikanyesha siku tatu, na asubuhi ya nne maji yakakaribia ukingo wa tuta. Udongo ukastahimili. Mfereji ukachukua yaliyozidi. Watu wakaanza vigelegele, ndipo Senkondo akaona maji yanazunguka na kuzama mahali fulani. Akapajua! Ni pale penye shimo la mti wake. Akaruka, akalikalia.

"Leteni viroba vya udongo!" akapiga kelele, maji yako kidevuni.

Wakakimbia kujaza viroba. Ikapita saa, zikapita mbili, Senkondo yuko palepale, meno yanagongana, anaimba ili asilie. Hatimaye wakamvuta kwa kamba, wakashusha viroba. Mtu alitoka. Suruali ilibaki kuziba.

Wakaenda kwa mwenyekiti.

"Bila miguu yetu, udongo ule ungekuwa uji," akasema Bi Namsifu. "Mtamba ni wangu. Wajukuu wangu wamesahau ladha ya maziwa."

"Wewe mama ulikuwa unaoza binti, hukuwa unajenga," akasema Mzee Kangero. "Bila mfereji wangu, maji yangepita juu yakabomoa kila kitu. Mtamba ni wangu."

"Migomba yako imeshashiba, Mzee, na mtamba pia unamtaka?" akadakia Bi Namsifu.

Senkondo akasimama, amejifunga kanga ya kuazima. "Wazee wangu, shimo ni langu, sikatai. Lakini ningenyamaza, nani angejua? Ningekimbia, nani angelikalia? Mtamba ni wangu, na suruali mnidai mimi au niwadai ninyi?"

Bwana Mrutu alikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka. Akaahirisha. Akaahirisha tena.

Basi mtamba amefungwa juu ya lile tuta akingoja hukumu, na anang'oa nyasi zilizoanza kuushika udongo. Bi Namsifu anamtazama kutoka mlangoni, nyumba yake iko bondeni chini ya lambo. Milimani wingu limeshakusanyika. Haya, ninyi mnaoicheka suruali ya Senkondo, semeni upesi: je, kamba ya mtamba apewe nani?