Shahamu ya Bi Kondoo

Ngano inakuja, jamani.

— Na ije, tumekaa.

Ina chumvi nyingi ndani yake.

— Tutaila hivyo hivyo.

Hapo kale, kale sana, wanyama waliishi kwenye kisiwa kidogo. Kisiwa kile kilikuwa na kisima kimoja tu, na maji yake yalipungua kila mwaka. Majani mabichi yalikuwa ng'ambo, bara. Wanyama walikuwa na mashua moja, na nahodha wake alikuwa Punda. Asubuhi mashua inavuka, alasiri inarudi na majani.

Siku moja mashua ilichelewa. Siku ya pili ikachelewa zaidi. Siku ya tatu upepo ulikuwa mzuri, tanga limejaa, na mashua haiendi.

Kasa akatoa kichwa majini, akasema, "Nahodha, nyinyi mnaitazama mashua kwa juu. Mimi naiona kwa chini. Imeota mwani, imeota chaza, na mdudu wa mbao ameanza kuingia."

"Mdudu gani?" akauliza Punda.

"Mweupe, mwororo kama funza. Anaingia kwa tundu la sindano, kisha anakula ndani mpaka ubao unabaki ganda. Ipandisheni pwani. Ikwangueni, ichomeni chini kwa moto wa makuti mdudu afe, halafu ipakeni chokaa na shahamu, maana mafuta ndiyo yanayomzuia mdudu asirudi. Na kila mwaka mfanye vivyo hivyo."

Makuti walikuwa nayo. Chokaa wakaichoma wenyewe. Shahamu je? Ukame ulikuwa umewakondesha wote, isipokuwa Bi Kondoo, mjane mwenye watoto wawili, Mize na Kombo. Mkia wake ulikuwa mnene, umejaa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakimvusha kila kiangazi.

Hakuna aliyemwomba. Walimtazama tu.

Bi Kondoo akasema, "Wanangu nao hupanda chombo hicho. Kateni theluthi."

Kaa akaukata kwa gando lake. Bi Kondoo akauma meno, hakulia.

Kazi ya kupaka akapewa Ngawa, kwa kuwa alikuwa mwembamba na aliweza kuingia chini ya mashua. Ngawa akapaka kote. Alipomaliza akalamba vidole. Shahamu ilikuwa tamu.

Mwaka wa pili mashua ikapandishwa tena, na Bi Kondoo akakatwa theluthi ya pili. Ngawa akapaka mbele, akapaka nyuma, akapaka ubavuni. Chini kabisa, mahali pasipofika jicho, akapaka nusu. Nusu akala. Mashua ikaenda salama mwaka mzima, naye Ngawa akajiambia, "Kumbe nusu inatosha."

Mwaka wa tatu njaa ilizidi. Bi Kondoo akatoa kilichobaki. Ngawa akaingia chini ya mashua na bakuli la shahamu, akasema moyoni ataonja kidogo tu. Akaonja. Akaonja tena. Akaonja tena. Alipotazama, bakuli lilikuwa tupu. Akakoroga chokaa na maji, akapaka. Mashua ikawa nyeupe pe.

Bi Kondoo akaja, anatembea kwa kuyumba.

"Mwanangu Ngawa, shahamu imeenea?"

"Imeenea, shangazi."

Akamgeukia Punda. "Nahodha, hebu inama utazame chini."

"Mgongo unaniuma, Bi Kondoo. Na weupe wake nauona toka hapa."

Baada ya miezi sita kisima kikakauka. Ikawa lazima kuhama. Mashua haikutosha wote mara moja, na Bi Kondoo hakuweza hata kusimama, maana mafuta ya kumvusha kiangazi hakuwa nayo tena.

"Wapelekeni wengine na wanangu kwanza," akasema. "Mimi mtanirudia."

Mize akasema, "Mama, sisi tutakungoja."

"Nendeni. Mkifika, mle majani, msiningoje kula."

Wanyama wakapanda. Ngawa alikuwa wa mwisho. Alisimama majini, mkono mmoja ubavuni mwa mashua. Akawaza, "Nikisema, wataniua. Nikinyamaza, huenda tukafika." Akamwona Mize amemkumbatia Kombo. Kinywa chake kikafunguka.

"Una neno?" akauliza Punda.

"Sina," akasema Ngawa. Akapanda.

Walipofika katikati ya mkondo, maji yakaanza kuingia. Wakayakumba, wakayamwaga nje. Yakaja zaidi. Wakayakumba tena. Punda akakanyaga ubao wa chini, na kwato likapita kama limekanyaga mkate.

"Ngawa, ulipaka nini?"

"Chokaa na maji."

Hakuna aliyempiga. Hapakuwa na wakati wa kumpiga.

Siku ile Kasa alifika pwani peke yake. Bi Kondoo alikuwa amelala mchangani, uso ameuelekeza bara.

"Mize yuko wapi?" akauliza.

"Hayupo."

"Kombo?"

"Alinishika mgongoni. Mgongo wangu unateleza, Bi Kondoo. Nilizama kumtafuta mara tatu."

"Na Ngawa?"

"Naye hayupo. Wote hawapo."

Kasa akamletea kipande cha ubao. Kilikuwa kimetoboka kama kifumbu cha kuchujia tui. Bi Kondoo akakinusa. Hakikuwa na harufu ya mafuta hata kidogo.

Akasema, "Kumlaani Ngawa sina nguvu. Kumlilia sitaki. Kisogeze hapa kichwani, nikilalie."

Kasa akakisogeza, akakaa naye. Akakaa naye mpaka hapakuwa na wa kukaa naye.

Basi, wenzangu, jueni hili: alaye shahamu ya chombo, naye ni abiria. Na anayeona uvivu kuinama atazame chini, hana tofauti na aliyekula.

Ngano yangu nimeitua. Kama imewachoma, mimi ilinichoma kwanza.

— Pumzika, tumesikia.